Picha Zisizo Zangu

Kila Novemba, ukungu ukishateremka mlimani
ukaingia Covilhã bila kubisha hodi,
watu huniletea picha zao nizitie fremu
kwa maonyesho ya ukumbi wa zimamoto.
Evaristo huleta yake katika boksi la viatu
lililofungwa kwa uzi wa sufu
alioondoka nao kiwandani siku ya mwisho.
"Usikate kitu," huniambia kila mwaka.
Kila mwaka nakata.

Kamera yangu ni bora kuliko zao zote.
Nalisema mapema, tumalizane nalo.
Lenzi peke yake ilikula mishahara miwili,
na picha zangu ni kali kama wembe:
hesabu sindano za msonobari, zote zimo.
Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya moja
mpaka kahawa ikampoa mkononi.

Mwaka huu Deolinda, afagiaye ngazi za zahanati,
kaleta picha ya simu, imechapwa dukani harakaharaka.
Meza. Mkate. Kitambaa chenye doa la mvinyo.
Na kutoka kulia, mkono,
umekatwa na ukingo juu kidogo ya saa,
saa yenyewe imelegea, inaning'inia,
vidole havijaufikia mkate.

Nikashika kisu. Mkono huu, nikasema, ni kosa.
Kadi ikisogea sentimita mbili utafunikwa,
tubaki na mkate, mtulivu, wa kupendeza.
Nikasogeza.
Picha ikafa.
Nikairudisha kadi, ikavuta pumzi.
Nikafunika, nikafunua, kama mtoto na swichi ya taa,
hadi nikaelewa: mkono una mahali unakotoka.
Nyumba haikuishia pale karatasi ilipoishia.
Kuna mtu huko nje, ana bega, ana koo,
na mimi na kisu changu tulitaka kumfungia mlango.

Usiku ule nilichelewa kuzima taa ya karakana.

Gaspar, wa miaka kumi na mmoja,
kampiga bibi yake thelujini: bibi ni ukungu mtupu,
aliyetokea vizuri ni mbwa, hadi ndevu zake.
Zamani ningeguna.
Lakini bibi anacheka, anatikisika mwili mzima,
na kicheko kilichotulia tuli ni kicheko gani?

Halafu ile ya boksi la viatu.
Ukumbi wa kufumia, mtupu,
sakafuni mabaka meupe ilipokuwa mitambo.
Imepigwa kutoka chini, chini mno,
nikadhani mzee alipiga magoti.
Kumbe ni mfupi tu.
Amesimama palepale aliposimama miaka thelathini
akapiga kilichokuwa mbele ya macho yake.
Mimi ningesimama mlangoni,
maana kutoka mlangoni ukumbi wote unaenea.
Na nyumba njema si mlango.
Sikukata kitu.

Jumamosi, watu walipojaa, sikutazama picha.
Nilitazama migongo. Mdomo hukusifu kwa adabu,
mgongo haujui adabu.
Mama mmoja mbele ya mkate wa Deolinda
aliinamisha kichwa kulia, zaidi, zaidi tena,
kana kwamba angeweza kuchungulia nyuma ya fremu.

"Mkono wa nani?"

"Wa dada yangu. Basi la Lyon lilikuwa saa nane.
Alikuwa ameshasema hana njaa."

Nilisimama hapo na kikombe changu.
Nilikuwa na la kusema kuhusu ukingo,
kuhusu saa iliyolegea, kuhusu doa la mvinyo
ambalo mtu mwingine angelificha kwa sahani.
Nikasema, "Nzuri." Akasema, "Ahsante."

Nilimtoza bei ya kawaida; kioo ni kioo.
Ila upande wa kulia niliikata kadi pana kidogo,
kinyume cha kanuni yangu,
ukabaki uzi mwembamba wa karatasi tupu
pale mkono unapoingilia.
Hakugundua.
Au aligundua, akanyamaza, akahesabu chenji.