Tarehe

Barazani Mkomani walimshika kwa tarehe.
Mwanashee hakujua, Jumanne au Jumatano.
Alijua feni ya ofisi ilikuwa ikikwaruza,
alijua kitasa kilifungwa kwa mkono wa kushoto.

Mheshimiwa aliyajua yote:
saa, wageni, hata idadi ya sambusa.
"Kweli haisahau," akasema Bwana Famau,
yule yule aliyeziamini taa za mtaa,
chaguzi mbili sasa, bila shahidi,
gizani.

Mamake akapita na kikapu.
Tukahamia habari za mpira.
Nami niliitikia. Nikawamiminia kahawa ya pili.

Usiku nikaupapasa mkono wangu
uliovunjika utotoni.
Mwaka gani? Sijui.
Nani alikuwepo? Sikumbuki.

Mlio wa mfupa
naujua.