Haya Hayajaongea na Udongo

Saa nane usiku, Hoima. Jenereta ya jirani imekata kauli,
nimebaki na betri na jedwali lisilojaa.
Mezani kipande cha mwamba, urefu wa kiganja,
kimetolewa chini sana, upande wa ziwa.
Ukikinusa, kinanuka koroboi.

Mafuta yetu yana nta. Yakiliacha joto la huko chini
huganda kama mchuzi wa mbuzi uliosahauliwa sahanini.
Maji tumeyasukuma; yamepita pembeni,
yakaacha zaidi ya nusu imeng'ang'ania vinyweleo vya jiwe
kama deni la ukoo.
Sasa naambiwa: sanifu kiyeyusho.
Kiasi gani, kwa shinikizo gani, kikae siku ngapi
kabla kisima hakijafunguliwa.

Kompyuta inakataa. Kila nikiongeza kasi
kiyeyusho kinatoa vidole, vyembamba, vyekundu kwenye skrini,
vinatoboa katikati ya mafuta bila kuyagusa
vikafika kisimani vya kwanza, mikono mitupu,
na bei yake unaijua.

Nikamkumbuka mama, Kabahenda, kule Kibiro,
na shamba lake la chumvi, upana wa mikeka minne,
alilorithi kwa mama yake, naye kwa mama yake.
Hukwangua udongo ulionyonya chumvi juani,
akaujaza chungu chenye matundu kitakoni,
akamimina maji. Taratibu.
Siku moja nilimimina ndoo nzima, niwahi kucheza.
Maji yakachimba njia moja, yakatoka chini mbio.
Akachovya kidole, akaonja, akatema:
"Abwoli, haya hayajaongea na udongo."

Nafuta kasi. Naandika nusu yake.
Naandika: siku kumi na nne za kuloweka.
Vidole vinanenepa, vinashikana,
mstari mzima unasogea
kama shuka mikononi mwa watu wawili.

Ila kuna safu ya mwisho:
kiyeyusho kitakachobaki chini. Asilimia ishirini na mbili.
Wakubwa huisoma kama gharama, wakafunua ukurasa.
Mama, chungu kikishachuja, huurudisha udongo uleule shambani,
akautandaza kwa kiganja, kesho jua liufundishe upya.
Kibiro udongo hautupwi.
Nitamjibu nini siku akiniuliza
changu nakirudisha wapi?

Betri, asilimia tisa.
Safu ile naiacha wazi.
Nakinusa tena kile kipande cha mwamba.