Dakika ya Sabini na Moja

Filamu yenyewe ni nyepesi, andazi lililojaa hewa:
bwana mmoja wa suti nyeupe anaamka Jumanne,
anamwagia kahawa dada wa duka la mikate,
analala, anaamka. Jumanne.
Kahawa ileile. Dada yuleyule, hamjui hata kwa salamu.
Wao wanasema Kizungu cha kwao. Mimi, Kambere,
nashika maikrofoni iliyofungwa kwa kipande cha mpira
na kuwatia Kiswahili mdomoni,
franka mia tano ukikaa benchi,
mia mbili ukikaa chini.

Banda letu liko Birere, mbao juu ya mawe ya volkeno,
ukuta mmoja tumeuazima kwa jirani.
Na kila usiku, dakika ya sabini na moja,
bwana anafungua mdomo aseme lile neno,
puu! Umeme umekwenda.
Goma nzima giza, isipokuwa mlima
unaowaka peke yake bila kulipa bili.

Watu wanaguna, wanacheka, wanapapasa kandambili.
"Kesho tena, Kambere!"
Na kesho wanarudi. Tunaanza mwanzo,
maana sidii ina makovu, ukiirusha mbele inakwama.
Kufikia usiku wa tisa watoto wanayajua maneno yangu
kunishinda. Nikikohoa, wanakohoa.

Mlangoni, juu ya jiwe lake, Katungu wa sambaza.
Zikiisha anaingia bure
(sheria hiyo niliitunga mimi),
anakaa benchi la nyuma, vidole vina chumvi,
anacheka palepale, bwana anapoteleza ngazini:
kicheko kifupi, cha mtu aliyekalia maji baridi.
Nikajikuta namsubiri bwana ateleze.

Usiku wa kumi nilichepuka.
Bwana wa suti, mkate mkononi, akamwambia dada:
"Sambaza zako zimezidi chumvi,
na nimezila siku kumi. Niulize kwa nini."
Banda kimya. Kisha, kutoka nyuma:
"Kama chumvi imezidi, si unywe ziwa!"
Watu wakapiga mbao. Hata Papa Bahizi,
ambaye hulipa ili alale, akaamka.

Usiku wa kumi na moja nilivaa shati la ubatizo wa mdogo wangu.
Dakika ya sabini.
Sabini na moja.
Sabini na mbili, na taa ipo!
Bwana anaendelea, midomo inacheza,
nami sijawahi kufika huku.
Sijui anasema nini. Kizungu chenyewe sikijui,
nilikuwa natunga tangu siku ya kwanza,
basi, sasa mnajua.
"Sema, Kambere! Sema!"
Dada wa mikate ameweka sinia chini, anangoja.
Ulimi wangu umekuwa chukudu bila gurudumu.

Ndipo sauti ya benchi la nyuma ikamsemea dada:
"Wewe bwana. Kila siku unakuja, unamwaga, unaondoka.
Mimi nafunga saa mbili. Nyumbani ni Majengo.
Njia ina mawe.
Mtu akitaka, anaweza kunibebea beseni."

Na puu!
Ila safari hii taa za jirani zilibaki zinawaka.
Ni mguu wa nani uliopiga waya, sikusema,
na waliosimama karibu na waya hawakuwa wengi.
Watu wakaguna, wakacheka, wakapapasa kandambili.

Beseni si zito. Linanuka ziwa.
Yeye mbele, mimi nyuma na shati langu la ubatizo,
mpaka pale mawe yanapoinuka karibu na bomba,
nikateleza.
Akacheka kile kicheko. Hakuna aliyekohoa.

Mwisho wa filamu hatuujui hadi leo.
Asubuhi jirani wa ukuta aliniuliza ni siku gani.
Jumatano, nikamwambia. Kisha nikalirudia, Jumatano,
polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.