Hashmali

Kwa Kiebrania cha siku hizi hashmali ni umeme,
huu huu unaokuja na bili,
unaochemsha birika, unaozimika ukioka na kufua kwa pamoja.
Zamani neno lilikuwa na mwenyewe.
Nabii alimwona ndani ya wingu, katikati ya moto,
na hadi leo hakuna ajuaye alikuwa wa rangi gani.

Baba, Amram Buskila, fundi umeme wa Safed,
alinifundisha yote mawili juu ya ngazi ile ile:
waya wa kahawia, waya wa buluu,
wa ardhini wenye milia ya manjano na kijani;
halafu malaika, madaraja kumi,
na la nne kutoka juu ni la Hashmalimu.
"Hash, kunyamaza," alisema, bisibisi mdomoni.
"Mal, kusema. Neno likitoka kwenye Kiti cha Enzi
wananyamaza. Likiisha, wanasema. Nipe koleo."

Na yule mtoto? Niliuliza kila mara, nilipenda kuogopa.
Mtoto aliyekuwa akisoma nyumbani kwa mwalimu wake,
akalielewa neno hilo ghafla, lote,
moto ukatoka ndani ya neno ukamla.
"Hakuzima swichi kuu kwanza," baba alijibu.

Mama alifariki mwezi wa Eluli.
Baba akabaki na hash peke yake.
Alisali kwa midomo tu. Wateja aliwaandikia bei
nyuma ya pakiti ya sigara.
Kimya kingi kina mshindo, majirani walinong'ona,
nami nikausubiri mshindo huo miezi mitano
nikifua mashati yake mawili.

Ijumaa ya theluji mberoshi uliangukia nyaya.
Tulianza na sinagogi, tukaenda kwa mwoka mikate,
tukapanda vichochoro vya kuta za buluu,
ngazi begani, vidole vimekufa ganzi.
Saa kumi na moja kasoro dakika tano
jua likazama nyuma ya Meroni, king'ora cha Sabato kikalia.
Baba akafumbua kiganja.
Koleo ikatumbukia kwenye theluji, hakuitazama.

Ndipo akaja mjukuu wa Sultana Asulin, mbio,
kavaa viatu vya mtu mwingine:
mashine ya hewa ya bibi
imebakiza mstari mmoja mwekundu.

Baba akainama, akaipapasa, akaiokota.
Hakutafuta rabi. Roho ya mtu huisogeza Sabato kando,
hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua,
lakini nilimwona akipangusa theluji kwenye koleo
taratibu, kama anayeiomba radhi.

Nilishika tochi.
Nyuma ya dirisha bibi alivuta hewa
kama anyonyaye uzi kutoka kwenye shuka.
Baba akamenya waya, akakwangua shaba hadi ikang'aa,
ncha kwa ncha, akasokota, akafunga.
Mkono ukafika kwenye swichi, ukasita.
Midomo ikafunguka. Nikadhani anasali.

"Sema," aliuambia waya.

Mashine ikakohoa. Ikapumua.
Taa ndogo ya kijani ikatulia,
na Sultana Asulin, kwa Kiarabu cha Fesi,
akalitukana shirika la umeme
kwa maneno yasiyosemwa siku ya Sabato.

Tulirudi kwetu. Nyumba yetu haikuwa na waya mzima,
na mishumaa nilikuwa nimeshachelewa kuiwasha.
Baba alisimama jikoni na koti lake, akidondosha maji.
"Mama yako," alisema,
sauti ina kutu kama bawaba,
"aliweka nini kwenye samaki?"
Sijui, nilisema. Bizari. Labda ndimu.
"Mimi pia sijui," alisema, akavuta kiti.
"Miaka ishirini na sita nimekula bila kuuliza."

Tukala. Samaki alikuwa baridi.
Gizani sikuona ni wa rangi gani.