Kopo la Spoku

Pale Kumi, ubavuni mwa kituo cha mafuta,
nina mwavuli mmoja, pampu mbili,
na kopo la siagi lililojaa spoku zilizokatika.
Watu wazima hulipita kopo lile.
Watoto hawalipiti.

Sawa, Apolot, chukua moja. Usiulize bei.
Lakini keti kwanza, maana spoku ina ukoo,
na mtu habebi mtoto wa watu bila kuuliza kwao.

Hiyo nene, yenye kutu shingoni,
ndugu yake alikwenda Ngora mfukoni mwa Ikwap,
karani wa pamba, mwembamba kama risiti.
Aliipasha moto, akaigonga juu ya kipande cha reli
hadi ikawa bapa kama ulimi wa mjusi,
akaipanga na wenzake kumi juu ya kisanduku.
Mchana Ikwap alihesabu magunia. Usiku
akogo yake ilihesabu yale ambayo karani haandiki:
nani kapunjwa, mizani ipi inadanganya.
Nasikia meneja aliucheza wimbo huo harusini,
akaupigia makofi, mpaka akajitambua ndani yake.

Na Amuge, muuza ajon wa Mukongoro.
Walimwambia chombo hiki ni cha wanaume.
Akasema, vizuri.
Akawamiminia, wakanywa, wakasinzia,
naye akaazima chombo.
Aliyeamka kwanza alidhani anaota.
Ni yeye aliyenionyesha nta:
tone dogo la nyuki chini ya chuma,
na sauti iliyokuwa ikilia kama mlango
inashuka, inatulia,
inakuwa mtu.

Wa tatu namtaja polepole.
Esilu, wa hospitali ya Ongino.
Ukoma ulimchukulia vidole, ukasahau gumba mbili.
Nilikuwa na miaka tisa, nimetumwa na baiskeli ya nesi,
nikamkuta ameikalia akogo kubwa kama kigoda.
Mikono ile niliiogopa, sikufichi.
Kisha akaanza.
Nikahesabu sauti: nane, kumi, kumi na mbili.
Nikatazama tena mikono: gumba mbili.
Akaniona nahesabu, akacheka:
“Unatafuta vingine? Hata mimi nilivitafuta.”

Utaniuliza, na fundi je?
Fundi hapigi.
Nilijaribu jioni moja, kaka yangu akacheka,
nikaificha darini miaka arobaini.
Mchwa wamekula kisanduku.
Chuma wameniachia.

Haya, lete hicho kibao chako.
Kaza hapa. Siyo hivyo, utajikata. Hapa.
Sasa bonyeza na gumba,
achia.

Ti.

Mbuzi wa mama Acom kainua kichwa.
Kijana wa bodaboda kazima injini, kageuka.
Nawe unanitazama: “Mbaya?”

Ni moja, Apolot.
Moja haiwezi kuwa mbaya,
haina wa kulinganishwa naye.
Kesho ukitoka shule pitia uchukue ya pili,
tuone kama zitagombana.