Ninauza Utupu

Wasemao debe tupu haliachi kuvuma
hawajawahi kulipima debe.
Utupu nao una kipimo. Mimi naujua,
hapa Magongo, kibanda cha mabati nyuma ya duka la matairi,
futi, msumeno, penseli sikioni,
vumbi la mbao kwenye kope kama unga wa maandazi.

Lewa alikuja na Probox nyeupe na spika ya inchi kumi na mbili
imeviringwa shuka, kama mtoto wa siku saba.
Fundi, nataka besi. Nikiwa Jomvu
wajue Mikindani kwamba naja.
Nikamuuliza, huku nyuma wabeba nini?
Viazi, Jumatatu na Alhamisi.
Basi tukashauriana na viazi kwanza.

Ubao ni wa milimita kumi na nane, mzito, haujui kuimba,
na ndivyo niutakavyo. Ubao ukiimba, umeiba.
Wa kuimba ni hewa iliyofungiwa.
Ndani natia mwega, mbao mbili zimepishana,
kuta zisivimbe kama mashavu ya mpiga zumari.
Kisha hesabu: lita sitini,
toa kinacholiwa na bomba, toa mwega,
toa na spika yenyewe, maana mgeni naye
hula nafasi katika nyumba aliyoifuata.

Bomba ni la plastiki, inchi nne,
nililinunua kwa fundi wa vyoo, sikumwambia la nini.
Likiwa refu, sauti inazama hadi tumboni.
Likiwa fupi inapanda, inakuwa kelele za kifuani.
Nakata upana wa kidole, nasikiliza,
nakata kidole kingine.
Kilichokatwa hakirudi:
neno hilo limenigharimu mabomba matatu.

Halafu udi.
Naazima chetezo cha mama, spika ikipiga polepole
napitisha moshi kila kiungo, kila kona,
na pale moshi unaposhtuka, pana tundu.
Ufa mwembamba kama uzi hula nusu ya besi.
Mama mlangoni, mkono kiunoni:
“Udi wangu wa Idi wafukizia gari?
Hilo gari laolewa?”

Mwaka jana, mimi na ndugu yangu Mahazi,
tulifunga spika mbili, waya za moja tukazigeuza.
Zote zapiga kwa nguvu, hii ikisukuma, ile ikivuta,
na ndani ya gari kimya,
kimya cha sebule ya watu walionuniana.
Tulilaumiana hadi Isha. Nyekundu na nyeusi tu.
Siku hizi ana kibanda chake, Chaani.
Waya tulizirekebisha usiku uleule.

Siku ya kujaribu nikamwaga punje za mchele juu ya paa.
Lewa akabonyeza.
Mchele ukaruka, maji ya karai yakaota miduara,
mwenye matairi akajishika kifua akatafuta pa kukaa.
Kibao cha namba kikagonga meno;
nikakituliza kwa kipande cha ndara.
Lewa akacheka mpaka machozi, akagonga sanduku kwa kidole:
Kwani humu umetia nini?
Hamna kitu.
Basi mbona nilipe elfu nane?
Hamna kitu, nikamwambia, lita hamsini na mbili, nimezipima.

Akalipa za mbao. Za kazi, mwisho wa mwezi.

Mwezi umekwisha mara tatu. Simu hapokei.
Lakini usiku kikombe changu huanza kutetema rafuni
kabla taa hazijaonekana, kabla mbwa wa gereji hajainua kichwa,
na mimi nimelala najua ni nani,
najua na kidole gani cha bomba kile.
Deni langu nalisikia likija toka Jomvu,
lapita mbele ya mlango wangu na viazi vyake,
lateremka Mikindani.
Naweka kiganja ukutani.
Elfu nne zangu, mwizi mkubwa wewe,
na hakuna kona hata moja inayovuja.