Trei Ishirini na Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, Pugu Kajiungeni,
Bi Sikudhani ananihesabia kwa tochi ya simu:
trei ishirini na mbili, mayai mia sita na sitini.
Zamani zilikuwa ishirini.
Nitaeleza nikifika Buguruni.

Tunazifunga kwa tyubu iliyostaafu,
anavuta yeye, nakaza mimi,
na kila siku ananiaga kwa maneno yale yale:
Likivunjika moja, lako.
Yakivunjika mawili, yako.

Nashuka kilima na breki mbili,
moja ya kukamata, moja ya heshima.
Gongo la Mboto kumeshakucha kwa honi.
Kuna honi ya salamu, kuna honi ya tusi,
na kuna ile ya lori la kontena isiyosema neno,
inakuwekea mkono mgongoni tu.
Nazisoma bila kugeuka,
maana ukigeuka uzito unahama,
na uzito ukihama, Bi Sikudhani ananidai.

Mbio za sakafuni, wanasema, huishia ukingoni.
Mimi naanzia ukingoni.
Barabara yangu ni upana wa kiatu
kati ya mstari mweupe na mtaro,
na hapo hapo yupo muuza maji,
yupo bodaboda anayekuja kinyume
akinimulika taa kana kwamba mimi ndiye niliyekosea,
lipo shimo ambalo jana halikuwepo,
mfuniko wake umeshapimwa kwa kilo mahali fulani.

Tazara, foleni imelala chini ya daraja.
Napenya. Goti huku, kiwiko kule.
Kioo cheusi kinashuka, baridi inanigusa shavu:
Trei bei gani?
Nataja.
Kioo kinapanda.

Buguruni Sheli.
Hapa, Jumanne ya wiki iliyopita, Mwinshehe aliguswa bega
na kioo cha pembeni cha gari dogo.
Kioo tu. Gari lenyewe halikujua.
Nilikuwa nyuma yake, hatua kama ishirini,
nikaona lami ikigeuka njano,
njano ya kung'aa, jua limechomoza mara ya pili
chini, na matairi yanalikanyaga.

Watu wakaja. Nikajua wanakuja kuokota.
Waliokota kweli:
mwenye kofia, mwenye ndoo,
mtoto wa shule kwa sweta lake.
Wakayapanga kwenye kizingiti cha duka la vocha,
wakahesabu kwa sauti kama kura,
hamsini na tatu mazima.
Hakuna aliyeondoka na hata moja
isipokuwa trafiki, na huyo alilipa.

Amana, wodini, bega limefungwa,
Mwinshehe alifumbua macho
na hakuuliza dereva yuko wapi,
hakuuliza hata baiskeli.
Yamepona mangapi?
Mia, nikasema.
Ulimi ulishatangulia.

Sasa hesabu ni hii:
hamsini na tatu walitoa Buguruni,
arobaini na saba ninayatoa mimi,
trei moja na nusu, na mawili juu.
Ujira wa trei mbili za nyongeza,
siku chache, zimebaki tatu,
yeye asijue, na Bi Sikudhani
anajifanya haoni kwa nini nimeomba mzigo.

Doa limeshaondoka na mvua.
Hata hivyo nalizunguka.

Kariakoo, Mtaa wa Swahili, saa mbili kasoro.
Miguu inatetemeka, mayai hayana habari.
Hashiri wa chipsi anapokea trei ya juu,
mafuta tayari yanaimba,
anachukua yai moja, haliangalii,
macho yake yako kwenye simu,
analigonga ukingoni mwa kikaango,

na mkono wangu, wenyewe,
unakamata breki.